Raia bila "tu"

Asubuhi moja sokoni, hapa Lubumbashi, mama muuza unga alilipa kodi ya meza yake, akakunja risiti mara nne, akaifungia kwenye pindo la kikwembe. Mtaro mbele ya meza umeziba, maji meusi yanagusa magunia. Nikamuuliza, mbona hakumwambia mkusanya kodi? Akajibu: "Papa, sisi tuko raia tu."

Hilo "tu" linaniuma. Nalisikia komini, nalisikia matangani, hata kwa vijana waliosoma.

Raia ni mtu wa nchi kisheria: serikali inamdai, naye anaidai. Maana ndiyo hiyo.

Ila neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kiarabu, ra'iyya ni kundi la mifugo lenye mchungaji. Watawala wakawaita hivyo watu walio chini yao, hasa walipa kodi. (Halina undugu na "rai", yaani maoni, ingawa sikio linadanganya.) Kwetu likazidi kushuka: raia akawa yule asiye askari wala mukubwa. Neno la Kifaransa nalo lina kisa chake, na kisa hicho ni cha mji huu. "Citoyen", yaani raia, ni mtu wa "cité", yaani mji. Babu zetu wa Kamalondo walikaa "cité" kweli, maana Wabelgiji waliuita hivyo mtaa wa Waafrika, wazungu wakakaa "ville", mji wao; walitozwa kodi ya kichwa, lakini citoyen hawakuwa. Mwaka 1948 Wabelgiji wakaanzisha kadi ya "mérite civique", yaani sifa ya uraia, kwa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Haki ikawa tuzo ya mtu kupimwa kwanza. Kisha Rais Mobutu akaamuru kila mtu aitwe "citoyen", "monsieur" (bwana) ikakatazwa. Jina likafika kila nyumba, sauti ya kuuliza haikufika. Kwa maoni yangu, "tu" ya yule mama imetoka huko.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haina "tu". Kifungu cha 65 kinamtaka Mkongomani alipe kodi, na mama amelipa, risiti anayo. Kifungu cha 27 kinampa ruhusa ya kuwaandikia wenye mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake wa meza za jirani. Wenye mamlaka wana miezi mitatu ya kujibu, na hakuna anayeruhusiwa kumshitaki kwa sababu ameandika. Watu wengi wanakijua kile cha kulipa, maana mkusanya kodi anapita kila siku. Hiki cha kuuliza hakina mtu wa kukipitisha mezani.

Basi mama, risiti hiyo usiitupe. Siku mtakapoandika barua ya mtaro, anzeni hivi: "Sisi raia wa soko hili." Lile neno dogo la mwisho liacheni.