Je, Wajua kwa Nini Wapenzi Katika Riwaya Zinazohusu Miaka ya 1950 Hukutana Kazini?

Msomaji wa Lamu anayefungua katika simu yake riwaya ya kimapenzi kuhusu wanaume wawili, au wanawake wawili, waliopendana katika jiji la Marekani miaka ya 1950, huenda akashangaa kuona kwamba mara nyingi wahusika hao ni wafanyakazi wa gazeti moja, duka moja kubwa au idara moja ya serikali. Waandishi hawachagui ofisi kwa kukosa ubunifu.

Wakati huo sheria za majimbo yote ya Marekani zilikataza kitendo cha ndoa baina ya watu wa jinsia moja, na Illinois, jimbo la kwanza kuondoa katazo hilo, ililiondoa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1962. (Msomaji wa Kenya, ambako kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kingali kinatumika, hahitaji kuelezwa sana.) Baa ambako wapenzi wa jinsia moja wa Marekani walikutania zilivamiwa na polisi, na aliyekamatwa aliweza kuliona jina lake gazetini. Kazini, hata hivyo, watu wawili waliweza kushinda pamoja, kula pamoja mchana na kuchelewa kutoka jioni, wala jirani asiulize. Aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya Lamu atalielewa hilo upesi, kwa kuwa ofisi iliwafaa kama daka, kibaraza cha mlangoni: unakaa na mwenzako mbele ya macho ya mtaa mzima, na hakuna anayehoji mnazungumza nini.

Hata hivyo, mahali palipowasitiri ndipo palipoweza kuwaangamiza. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Dwight Eisenhower alitia saini amri namba 10450, iliyotaja upotovu wa kijinsia miongoni mwa sababu za kumwona mtu hafai kuajiriwa na serikali kuu, na wafanyakazi wengi wakafukuzwa. Frank Kameny, mwanafalaki mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliachishwa kazi katika idara ya ramani ya jeshi mwaka 1957. Alipeleka shauri lake hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1961 ilikataa kulisikiliza. Serikali ilimwomba radhi mwaka 2009, akiwa mzee wa miaka 84. Kwa mwandishi wa riwaya, historia hiyo ni hazina, maana barua moja isiyo na jina ikifika kwa mkuu wa idara, mhusika hupoteza mpenzi na riziki kwa pigo moja. Kwa maoni yangu, riwaya za ofisi za serikali hukaza roho kuliko zile za magazetini, ambako mhusika aliyefukuzwa huvuka tu barabara akaomba kazi kwa mshindani.

Uko pia mwisho mwema, ambao vitabu vingi vya bei nafuu vya enzi hiyo havikuthubutu kuuandika, kwani wachapishaji waliogopa vitazuiwa na posta. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 1954 posta ya Los Angeles ilikataa kusafirisha toleo la ONE, jarida la wapenzi wa jinsia moja, hadi Mahakama ya Juu ilipolipa jarida hilo ushindi Januari 1958. Waandishi wa leo, wasiokuwa na hofu hiyo, huwamalizia wapenzi wao kwa kuwapangisha nyumba moja; na hapo pia kazi huwasitiri, kwa sababu makapera wa ofisi moja kuchangia kodi lilikuwa jambo la kawaida mijini, lisilomshtua mwenye nyumba.