Rushwa ya Wakala Humfikia Mgombea: Kesi ya John A. Macdonald

Kitengo chetu cha elimu kwa mpiga kura kinazidi kupokea swali lilelile: "Mgombea hakutoa hata senti, waliohonga ni wapambe wake. Iweje avuliwe ubunge?" Tumeshalijibu mara nyingi. Safari hii tunaleta mfano wa Kanada.

John A. Macdonald alizaliwa Glasgow mwaka 1815, akakulia Kingston, Kanada. Wanaosema hakuwa wakili halali kwa kuwa hakusoma chuo kikuu wamekosea. Alianza kujifunza kazi katika ofisi ya wakili akiwa na miaka 15, na mwaka 1836 akakubaliwa kuwa wakili. Akawa diwani, mbunge mwaka 1844, na Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1867.

Wengi wanakijua kisa cha 1872: katikati ya kampeni alimpelekea simu ya maandishi (telegramu) wakili wa Hugh Allan, tajiri aliyeutaka mkataba wa reli ya Pasifiki, kwamba lazima apate dola elfu kumi nyingine za kampeni. Simu hiyo ilipofichuliwa, alijiuzulu Novemba 1873. Linalotuhusu zaidi ni lililofuata.

Januari 1874 alishinda Kingston kwa kura chache, enzi ambayo mpiga kura alimtaja mtu wake kwa sauti, wapambe wakisikia. Matokeo yakapingwa. Zamani malalamiko hayo yaliamuliwa na wabunge wenyewe. Sasa yalikuwa mikononi mwa majaji. Jaji hupima mambo mawili, na tunaomba yasichanganywe: je, rushwa ilitolewa? Je, aliyeitoa alikuwa wakala wa mgombea, yaani mtu anayefanya kazi ya kampeni kwa niaba yake? Yote mawili yakithibitika, ushindi hubatilishwa, hata kama mgombea hakujua. Ikithibitika kwamba alihusika mwenyewe, huongezewa adhabu ya kuzuiwa kugombea.

Macdonald aliwahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali, lakini hilo halikumwokoa: ushindi wake ulibatilishwa kwa sababu ya mawakala wake. Uchaguzi ukarudiwa Desemba, akapita kwa kura 17. Mwaka huohuo sheria mpya ilileta kura ya siri. Alirudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1878, hadi kifo chake mwaka 1891. Shule za bweni zilizowatenga watoto wa wenyeji wa asili na wazazi wao, ambazo serikali yake ilizipanua, ni jambo zito linalostahili makala yake.

Mgombea amkabidhi kila wakala mipaka ya kazi yake kwa maandishi, na atunze nakala. Wenye maswali kuhusu kesi zilizoko mahakamani wasubiri hukumu. Ofisi haiwezi kuzizungumzia.