Kabla hujaandika pendekezo la tasnifu kuhusu picha na hadhira

Msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, mezani kwangu zinarundikana mada za aina moja: "Mtazamo wa hadhira kuhusu mawasiliano ya picha", "Nafasi ya rangi katika matangazo". Sizikatai. Nauliza tu: picha ipi, hadhira ipi, na mtu huyo akiielewa vibaya atapata hasara gani? Hilo la tatu ndilo huwakwamisha wengi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama kuna tasnifu hapo au hakuna.

Darasani huwa natumia alama ya mionzi. Ile ya zamani, yenye vipande vitatu kuzunguka duara dogo, ilibuniwa mwaka 1946 katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliyefundishwa anaitambua mara moja. Asiyefundishwa anaweza kuona feni, na hatuna haki ya kumlaumu, kwa sababu mchoro wenyewe haumwambii kitu. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu waliingia kwenye kliniki iliyokuwa imeachwa, wakachukua kifaa cha tiba ya mionzi ili wauze chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa cesium-137, kemikali yenye mionzi kali, unaong'aa gizani kwa mwanga wa buluu. Ukagawiwa kwa ndugu na majirani kwa jinsi ulivyopendeza. Watu 4 walifariki.

Februari 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilitangaza alama ya nyongeza: pembetatu nyekundu, miale ikishuka kutoka juu, fuvu na mifupa, halafu mtu anayekimbia na mshale wa kumwonyesha upande. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwamo, pamoja na India, Morocco, Saudi Arabia na nyinginezo. Fuvu linataja kifo, anayekimbia anaonyesha la kufanya. Lakini mimi navutiwa zaidi na mahali inapobandikwa. Haiwekwi mlangoni wala getini. Huwekwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi chini ya kifuniko, ili aione yule tu aliyeanza kukifungua. Hadhira yao si "jamii". Ni mtu mwenye bisibisi mkononi. Ukiweza kuitaja hadhira yako kwa namna hiyo, nusu ya sura ya kwanza umeshaimaliza.

Huhitaji mionzi. Nenda duka la dawa lolote uangalie bahasha ya vidonge: "1 x 3" kwa kalamu, na mwenye duka anasema, "Kidonge kimoja, kutwa mara tatu." Maneno yanabaki dukani, bahasha inakwenda nyumbani. Kuna wanaopendekeza michoro badala ya tarakimu: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Mwanafunzi wangu mmoja alimwonyesha mama mtu mzima mchoro wa jua juu ya kidonge. Jibu: "Hii usiiache juani, mwanangu, itaharibika." Ni jibu la mtu mwenye akili timamu, tena ushauri mzuri wa kutunza dawa. Ila si ujumbe uliokusudiwa, na mama huyo angeondoka na dozi pungufu.

Saa nayo ina mambo yake. Chora uso wa saa, mshale mfupi kwenye 8, na msomaji wetu atasema saa mbili bila kusita. Dawa italiwa kwa wakati. Andika "saa 8" kwa tarakimu, naye atakula dawa saa nane mchana. Tasnifu nzima inaweza kukaa hapo.

Sasa mbinu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Usimuulize mtu, "Umeelewa?" Kwetu mgeni mwenye karatasi na kalamu hajibiwi "hapana", atajibiwa "ndiyo" kwa heshima, na utarudi chuoni na asilimia nzuri zisizo na maana. Uliza mawili: "Hapa unaona nini?" kisha "Ukikutana nayo, utafanya nini?" Nyamaza. Andika jibu kama lilivyotamkwa, hata likikuchekesha, ndipo jioni uligawe: sahihi, nusu sahihi, si sahihi, na kinyume. Kundi la kinyume lihesabiwe peke yake. Kiwango cha Marekani cha alama za usalama, ANSI Z535.3, kinataka majibu sahihi yafike asilimia 85, na yale ya hatari, ambapo mtu ameelewa kinyume, yasizidi asilimia 5. Alama inaweza kufaulu mtihani wa kwanza ikaanguka wa pili.

Nadharia usiipachike mwishoni ili kumfurahisha msimamizi. Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na vyombo vya habari huko Uingereza, mwaka 1973 alieleza kwamba mpokeaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, akaukubali kwa masharti yake, au akausoma kwa kuupinga. Kwa alama ya hatari mgawanyo huo haukusaidii sana. Kwa bango la kampeni ya chanjo au ya uchaguzi unakusaidia mno, maana pale mtu huelewa vizuri kabisa na bado anakataa, na dodoso la "ndiyo/hapana" litamhesabu kuwa hajaelewa. Mtafiti wa hadhira David Morley aliijaribu hoja hiyo kwa vikundi 29 vya watazamaji wa kipindi cha televisheni Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1980: watu wa tabaka moja hawakukisoma kipindi kwa namna moja. Kwa hiyo kuchagua sampuli kwa umri na jinsia peke yake ni uvivu. Uliza kazi, uliza chama, uliza nani anatunza dawa nyumbani.

Kuhusu vibali nitasema kidogo. Kenya unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania barua ya chuo husafiri kutoka mkoani hadi wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa mtaa asipokujua hakuna mlango utakaofunguliwa. Anza kuifuatilia kabla hujamaliza sura ya pili.

Na picha za kuwaonyesha watu zichapishwe kwa ukubwa zitakaotumika, kwenye karatasi ya aina ileile. Usiwape simu yako. Atakayeikuza picha kwa vidole viwili ataona mambo ambayo mwenye bahasha mkononi, usiku, kwa mwanga wa tochi, hawezi kuyaona.