Makaburi ya Kale ya Wayahudi, Prague: Ya Kujua Kabla ya Kuingia

Mgeni akiingia makaburi ya kale ya Wayahudi mjini Prague, Jamhuri ya Cheki, hushangaa jinsi mawe yalivyobanana. Yapo takriban 12,000, yameegemeana, mengine yamezama nusu. Wengi hudhani watunzaji wamezembea. Sivyo.

Jiwe la zamani zaidi ni la Avigdor Kara, mwanachuoni na mshairi aliyefariki mwaka 1439. Mazishi ya mwisho yalifanyika 1787, baada ya Kaisari Joseph II kupiga marufuku kuzika ndani ya mji. Katika karne hizo zote Wayahudi walibanwa katika mtaa wao, na dini yao hairuhusu kumfukua maiti ili kumpisha mwingine. Basi walimwaga udongo juu ya makaburi ya zamani, wakazika juu yake, na mawe ya chini wakayapandisha yasimame pamoja na mapya. Ndiyo maana ardhi ya pale imeinuka kuliko barabara. Mara nyingi jiwe unaloliona limesimama juu ya watu wengi zaidi ya yule aliyeandikwa jina.

Usiposoma Kiebrania, tazama michoro. Mikono miwili inayobariki ni ya kuhani, mzao wa Haruni. Birika ni la Mlawi, maana Walawi huwanawisha makuhani mikono. Mkasi ni wa fundi cherehani wa zama hizo, na mnyama, kama simba au kulungu, mara nyingi hudokeza jina la marehemu.

Kaburi linalovuta watu wengi ni la Rabi Judah Loew, aliyefariki 1609. Wageni humjia kwa hekaya ya Golem, kiumbe wa udongo, iliyohusishwa naye muda mrefu baada ya kifo chake. Mimi ningependa wamkumbuke kwanza kwa elimu yake, kwani maandishi yake yanasomwa hadi leo.

Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi hapafunguliwi. Ukipitia Sinagogi ya Pinkas, iliyo jirani, usiende mbio: kutani yameandikwa majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia, maeneo ya Cheki ya leo, waliouawa na Wanazi, na wengi wao hawana kaburi popote.

Wanaume wafunike kichwa. Fuata njia iliyowekwa, usiegemee jiwe hata kwa kupiga picha. Vijiwe vilivyowekwa juu ya makaburi ni ishara ya heshima kutoka kwa waliozuru, na vikaratasi vina dua za watu. Usiviondoe wala usivifungue.