Maji ya jabia yamegeuka rangi, nitie klorini au nisitie?

Swali: Jabia letu, tangi la maji ya mvua, hapa Lamu liko karibu na mwarobaini, mvua ikinyesha maji yanakuwa manjano. Jirani aniambia nikitia klorini yaleta saratani, ni kweli?

Jibu: Dada yangu, hio rangi ni majani yaliyooza, yaani mabaki yake yameshayeyuka kwenye maji, wataalamu wanaita asidi za humiki na fulviki, na hayazami hata uyatulize wiki nzima, si kama maji ya Sabaki kule Malindi, yale ni tope na tope likitulizwa linashuka. Peke yake hayana neno sana. Shida ni yakikutana na klorini: kwanza yanaila, vijidudu vinabaki hai na wewe ushajiambia umetia dawa, pili zinazaliwa kemikali, klorofomu na jamii yake, zinaitwa trihalomethani, jambo ambalo mkemia Rook wa Rotterdam alilitangaza 1974. Kisima kikiwa cha chumvichumvi, bromidi, iliyomo kwenye chumvi ya bahari, inaingia pia na zinazozaliwa zinakuwa na bromini. Hofu ya saratani ni kwa mtu anayeyanywa miaka na miaka kwa kiwango kikubwa, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wameweka kikomo cha klorofomu mikrogramu 300 kwa lita. Lakini haohao WHO wanasema usiache kuua vijidudu kwa kuogopa hio, manake kipindupindu hakingoji miaka.

Swali: Maabara wanajuaje kuna nini ndani?

Jibu: Kuna kipimo kinaitwa kromatografia ya kimiminika. Maji yanachujwa kwa matundu ya mikromita 0.45 halafu yanasukumwa kwenye bomba lililojaa chembe zenye vitundu. Sasa hapa fikiria mtaa wetu: punda mwenye mzigo anapita moja kwa moja, watoto wanaingia kila duka wanachelewa. Basi molekuli kubwa zinatoka mwanzo, humiki zinafuata, vidogo kabisa mwisho, na huko nje kuna kifaa cha kupima kaboni, ndiyo iliyojenga mabaki hayo, na kingine cha mwanga wa urujuanimno, nanomita 254. Ukipima kaboni yote kwa jumla unapata namba moja tu, haikwambii mengi. Hapa unaona ni kitu gani kimezidi, na ni muhimu bana, kwa sababu shabu inashika humiki vizuri lakini vile vidogo inaviacha.

Swali: Na sisi wa nyumbani?

Jibu: Mashine huihitaji. Fagia dari, yaani paa linalokusanya mvua, kabla ya msimu, mvua ya kwanza mwaga, funika jabia, majani yatoe. Klorini iwe ya mwisho, subiri nusu saa, na maji yabaki na harufu yake kidogo, yakikosa harufu jua imeliwa yote. Kuchemsha pia sawa, rangi haitoki lakini vijidudu vinakufa. Na wenye birika la samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, klorini msitie humo mtawaua, tieni kwenye ndoo ya kunywa.