Chukua au lipa: hasara ya reli inapobebwa na bandari

Dereva wa daladala hahitaji mwalimu wa dhana hii. Hesabu ya tajiri lazima ifike jioni, gari liwe lilijaa abiria au lilizunguka na viti vitupu. Katika mikataba ya reli, bandari na umeme, hesabu ya namna hiyo huitwa "chukua au lipa": mteja anaahidi kununua kiasi fulani cha huduma kila mwaka, na asipokitumia anakilipia vilevile.

Mkopeshaji ana sababu ya kuitaka. Reli haing'olewi ikauzwe kwingine, hivyo anadai uhakika wa mapato kabla ya kutoa fedha. Lakini uhakika wake ni hasara ya mwingine endapo wateja hawatakuja, na katika nchi zetu huyo mwingine mara nyingi ni shirika la umma.

Chukua mfano wa SGR, reli ya kisasa ya Kenya. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 3 kutoka Benki ya Exim ya China, na treni zikaanza safari 2017. Tangu 2014, Mamlaka ya Bandari ya Kenya ilikuwa imekwisha kuahidi kuipatia reli kiwango cha chini cha mzigo. Kikipungua, bandari inafidia.

Kwa ahadi hiyo, serikali haikuwaachia wenye mizigo wachague. Makontena yaendayo bara yaliamriwa kupanda treni hadi bandari kavu ya Nairobi, kituo cha kutolea mizigo mbali na bahari, hata pale lori lilipokuwa nafuu. Mombasa iliumia vibaya: madereva, mawakala wa forodha, yadi za makontena, mafundi gereji, wauza chakula wa Mariakani na Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Nairobi. Mwaka 2019 watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu.

Mwishoni mwa 2018 gumzo lote lilikuwa kama Wachina wataichukua bandari deni lisipolipwa, na serikali ikakanusha. Kwangu mimi swali hilo lilitupoteza. Bandari ilibaki mikononi mwa Kenya, ila uhuru wa kuamua mzigo upite wapi ulikuwa umeshafungwa na saini ya 2014.

Ongeza hapo sarafu. Deni lilikuwa la dola, walipa kodi wanachuma shilingi. Katikati ya 2014 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Mwisho wa 2023 ilipita 150. Deni likazidi kuwa zito bila hata kontena moja kuongezeka.

Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Novemba mwaka huohuo sehemu ya mikataba ya mkopo ikawekwa hadharani, miaka mitano baada ya treni ya kwanza. Wale wauza chakula wa barabara kuu walikuwa wameshafunga vibanda kwa sababu ya karatasi ambazo hawakuwahi kuonyeshwa.