Remington ya Bombo: kipi kirudishwe, kipi kiachwe

Bunduki ya kale ikishapotelewa na vipande, swali la kwanza analoulizwa fundi huwa lile lile: vipuri vyake vinapatikana? Kwa hii Remington, bunduki ya Kimarekani iliyolala mezani kwangu, jibu ni ndiyo. Marekani kuna wakusanyaji wanaouziana vipande vya bunduki hizi mwaka mzima. Hata hivyo vingi sitaviagiza, na mzee aliyeniletea kazi hakufurahi kusikia hivyo.

Hii ni Remington ya aina ambayo Misri ilianza kuagiza mwaka 1869. Inabeba risasi moja moja, na tundu la mtutu ni milimita 11 na ushei. Bunduki za namna hii zilifika kwetu Uganda mikononi mwa askari wa Misri waliokuwa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, chini ya gavana wake Emin Pasha. Emin alipoondoka na mpelelezi Stanley mwaka 1889, ofisa wake Selim Bey na watu wake walibaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mpaka Lugard, kapteni Mwingereza, alipowafuata huko mwaka 1891. Wanubi wa Uganda ni kizazi cha askari hao na familia zao, na mzee wangu ni Mnubi wa mji wa Bombo. Ukoo wake unataka bunduki iwekwe mahali watu waione. Kabla sijaishika, polisi waliikagua na kuiandika. Sheria ya Silaha ipo tangu mwaka 1970, na mimi sigusi mtutu wowote usio na karatasi, hata uwe umeoza kiasi gani.

Kwenye ulimi wa chuma nyuma ya nyundo pamechongwa jina la Remington, mji wa Ilion, New York, na tarehe kadhaa, ya mwisho ikiwa ya 1866. Wengi huisoma kama mwaka wa kutengenezwa. Hizo ni tarehe za hataza tu, yaani za kusajiliwa kwa haki ya uvumbuzi. Bunduki iliyotoka kiwandani miaka mingi baadaye ilipigwa mhuri ule ule.

Vilivyopotea ni vinne: kizibo kinachofunga mtutu kwa nyuma, skrubu ya kibao cha kushoto (bamba dogo la chuma linalozuia pini zisitoke), pete ya katikati inayoshika mtutu na mbao, na fimbo ya kusafishia. Cha maana zaidi ni kizibo, kwa sababu ndicho kiini cha ubunifu wote. Unavuta nyundo nyuma, unakizungusha kizibo kwa kidole gumba, unatia risasi, unakirudisha. Ukifyatua, bega la nyundo linaingia chini ya kizibo na kukikaba wakati ule ule baruti inapolipuka. Vipande viwili vinavyozunguka kwenye pini mbili nene, basi. Ndiyo maana bunduki hii ilipendwa na majeshi mengi: askari aliyefundishwa asubuhi aliweza kuitumia jioni.

Sasa njoo kwenye mbao. Remington walitumia walnati ya Kimarekani, mbao ya kahawia iliyokolea. Kitako cha hii ni mvule. Nilipoondoa uchafu kwa pamba yenye spiriti kidogo, ilijitokeza ile rangi ya dhahabu iliyozeeka na nyuzi zinazopishana, jambo ambalo seremala yeyote wa Kampala angelitambua akiwa amesimama mlangoni. Ndani, pale chuma kinapokaa, patasi imeacha alama fupi fupi zinazofuatana, na fundi amechimba kwa kufuata umbo la chuma bila kuacha nafasi ya kupitisha hata karatasi. Mashine haikugusa hapo. Na pale ilipokuwa pete ya katikati pamezungushwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, uliofungwa ukiwa mbichi ukajikaza ulipokauka. Mpaka leo mtutu hauchezi.

Mzee aliniambia, "Fundi, hiyo ngozi itoe, inatutia aibu. Na kitako tuagize cha kwao."

Nikamwambia, "Hajji, cha kwao kiko kwenye kila makumbusho. Hiki kiko kwako peke yako."

Lugard mwenyewe aliandika kwamba wahunzi wa Buganda waliweza kutengeneza kitako kipya cha bunduki ambacho ungepata shida kukitofautisha na cha fundi wa London. Siwezi kusema hiki kilitoka Buganda, lakini ni kazi ya mikono ya aina hiyo. Kukibandua ili tuweke walnati ya kununuliwa ni kutupa ushahidi pekee kwamba watu wa huku waliijua bunduki hii ndani nje. Kitako kinabaki. Ngozi inabaki. Tundu za wadudu nimezijaza gundi ya akriliki iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa sababu inaweza kutolewa tena akija fundi mwenye akili kunizidi.

Kwa chuma sikutumia msasa. Msasa unaondoa kutu pamoja na maandishi, na unaacha mng'ao wa sufuria mpya. Vipande vilivyokubali kufunguka vilichemshwa kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, nayo nyeusi haili chuma kama nyekundu. Halafu brashi laini, halafu nta. Skrubu zilizogoma zilipewa mafuta ya kupenya na joto la pasi ya kulehemu kwenye kichwa, na bisibisi niliyoinoa ijae ufa wote. Bisibisi ya dukani, yenye ncha nyembamba, ndiyo inayoharibu bunduki nyingi za kale kuliko kutu.

Kizibo nitakitengeneza kwa rezini (plastiki ya kumimina ikagande), kimepakwa rangi inayokaribiana na chuma ila si ile ile, bila pini ya kupigia, na kwa ndani nitaandika "nakala" na mwaka. Mgeni ataona jinsi kinavyozunguka, na bunduki haitaweza kufyatua kamwe. Fimbo sirudishi, mfereji wake ubaki wazi na kibandiko kieleze.

Imebaki skrubu ya kibao. Mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, wanaweza kukata chochote, lakini uzi wa skrubu za Remington si wa milimita, na nikilazimisha ya kisasa nitaua uzi wa asili ndani ya tundu. Aliye na Remington ya Misri iliyokamilika, iwe Entebbe, Juba au Khartoum, anipimie kwa kalipa, kile kipimo cha kubana: kipenyo cha uzi na idadi ya mizunguko kwa inchi. Picha tu haitanitosha.